Demio yangu mwaka wa pili Malindi: raha ya kona na hofu ya trela

Nna Mazda Demio, kale kagari kadogo, ile shepu ya 2007, mwaka wa pili saivi, na karibu kila wiki nateremka nayo Mombasa kwahiyo haya nayosema nimeyaona mwenyewe. Hii gari ni nyepesi walahi, kama tani moja hivi, Mazda waliipunguza yapata kilo 100 kuliko iliyoitangulia na 2008 ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka duniani. Ukiigusa tu usukani inaitika. Juzi pale Gede mbuzi katoka kichakani mbio, nikakata kulia nikarudi upande wangu na gari haikuyumba, tairi hazikulia hata. Prado ya shemeji nishaiendesha, ukiikata vile kwa spidi ya 80 inalala upande mpaka roho inakuruka, manake ni kama tani mbili na imesimama juu.

Lakini uwepesi huohuo ndio unanitia hofu. Njia yetu hii ni malori, mabasi, na matatu zinazoovateki popote. Mkivaana uso kwa uso na kitu kizito, ile nyepesi ndio inayosukumwa nyuma na mshtuko mkubwa unaupata wewe uliye ndani, hata bodi iwe imara vipi. Boneti nayo fupi, hakuna pakubwa pa kukunjika kabla hujafikiwa. Na pale daraja la Kilifi, upepo wa kusi ukivuma, mikono miwili kwa usukani.

Sasa hili mlisikize vizuri mnaotaka kununua. Ukifungua swichi, taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaokukinga ukigonga) inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Yangu ilikua haiwaki kabisa nami nikaona ndio nzima hiyo. Fundi kufungua dashibodi akakuta kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa kadogo sawasawa na ile taa, kimebandikwa juu yake! Alipokibandua taa ikawaka na haikuzima. Miezi mitatu nimebeba wanangu kwa gari isiyo na eabegi na walioniuzia walijua. Iliniuma sana. Tena Demio za shepu hii zimo katika zile zilizoitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu ya eabegi mbovu za kampuni ya Takata, kwahiyo chukua namba ya chesisi ukague kabla hujalipa.

Kwa mjini, Watamu na safari za mchana siiuzi, inakunywa mafuta kidogo na inanisikiza. Usiku Mombasa siendi nayo, napanda basi.