Eti "labda huduma hii haikuwa kwa ajili yako"
Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Mimi ni mfasiri. Nilitaka tovuti yangu mwenyewe ya kuonyesha kazi, na kwa kuwa sina jicho la dizaini, nikajisajili kwenye tovuti moja inayokusanya mifano ya tovuti za watu ili upate pa kuanzia. Jina silitaji, aliyewahi kuilipia ataijua. Ukiwa mgeni unaonyeshwa safu mbili tatu za picha, zilizobaki zinafunikwa ukungu mpaka utoe kadi. Nikatoa. Tena usajili wa mwaka mzima, mjinga mimi.

Siku za mwanzo nilifurahi, sikatai. Nilihifadhi mifano zaidi ya sitini, kila mmoja nikiuona mzuri kuliko uliotangulia. Nilipotulia kuipitia upya ndipo nikashtuka: yote ni ya wapiga picha, wachoraji na watengeneza programu. Picha inajaza skrini nzima, jina lina herufi kubwa kama mlango, na kiduara kinakifuata kipanya kila kiendako. Iondoe ile picha uone kama kuna kinachobaki. Kazi yangu mimi ni aya. Niweke picha ya nini, ya kamusi?

Nikachuja kwa neno "waandishi". Yakaja majibu manane. Matatu ni violezo vya kuuzwa, vimejazwa yale maneno ya Kilatini yasiyo na maana. Mawili ni michoro tu, tovuti ambazo hazikuwahi kujengwa. Moja ni duka la viatu, na hadi leo sijui liliingiaje. Mawili yaliyobaki ndiyo hasa niliyokuwa nikiyatafuta. Nikabofya viungo, vyote viwili vimekufa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, naapa. Niliuliza kama kuna mtu anayeviondoa viungo vilivyokufa, au walau waonyeshe mfano uliwekwa lini. Jibu lilichukua siku kadhaa, nalo lilikuwa sentensi mbili: wateja wetu wengi ni wabunifu, labda huduma hii haikuwa kwa ajili yako. Salamu hakuna, jina la aliyeandika hakuna. Mbona pesa yangu ilikuwa kwa ajili yao?

Usiku ule, kwa kisirani tu, nikaichukua anwani ya mmoja wa wale marehemu wawili na kuibandika kwenye Wayback Machine, ile hazina ya kurasa za zamani ambayo Internet Archive waliifungua kwa umma mwaka 2001. Ikafunguka! Ukurasa mweupe. Jina. Sentensi moja ya kusema mwenyewe anafanya nini na anamfanyia nani. Kisha orodha ya kazi na miaka yake, na chini ya kila kazi mistari mitatu iliyodondolewa humo humo. Picha hakuna hata moja, nami nikajikuta nimesoma hadi mwisho. Nikakumbuka CSS Zen Garden, ile tovuti ya maonyesho ya dizaini ya 2003, ambako wabunifu walipewa maandishi yale yale, kila mmoja akayavisha vingine kabisa kwa CSS peke yake, yaani lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, bila kugusa neno. Miezi yote ile nilikuwa nachagua nguo, maandishi yenyewe sijaandika hata mstari.

Kwa hiyo tovuti ninayo sasa, na tukisema haki, mfano wake niliupata kwao. Bila ule mchujo wao mbovu nisingeijua ile anwani. Nilianza kulainika. Nilikuwa nimeshafikia nyota tatu.

Halafu wakakata tena. Mwaka ulikuwa umeisha, usajili ukajirudia wenyewe, barua pepe ya kukumbusha sikuiona. Nyota mbili zikaanguka hapo hapo. Nikaingia kujiondoa, na kitufe cha kusitisha nikakitafuta mpaka macho yakauma. Kumbe kipo, chini kabisa ya ukurasa, maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, mtindo ule ule wanaousifu kwenye nusu ya mifano yao. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye uoni hafifu, katika kiwango chake cha kati, AA, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5:1. Nikakipima.

Hakikufika hata 2:1.