Jeshi kamili au polisi wenye silaha: Shelisheli na Morisi

Nchi ndogo ya visiwa ijilinde vipi? Shelisheli, yenye watu takriban laki moja, ina jeshi lenye askari wa nchi kavu, walinzi wa pwani na kikosi cha anga. Morisi haina jeshi: Special Mobile Force, yaani kikosi cha polisi wenye silaha nzito, na walinzi wa pwani wote wako chini ya Kamishna wa Polisi.

Kwa gharama, Morisi inashinda. Mafunzo, mishahara na maghala ni ya chombo kimoja, na askari huzunguka kati ya Special Mobile Force na vituo vya kawaida vya polisi. Udhaifu wake ni kwamba aliyezoea silaha nzito akirudi mtaani hulazimika kujizuia upya.

Kwa usalama wa serikali, jeshi ni panga lenye makali pande mbili. Novemba 1981 Shelisheli ilivamiwa na mamluki walioongozwa na Mike Hoare. Agosti 1982 askari wake wenyewe waliasi, wakazimwa kwa msaada wa wanajeshi wa Tanzania. Hilo lisisahaulike.

Baharini wanakaribiana. Wote hutegemea India kwa meli na ndege za Dornier, hivyo vipuri na mafundi hungojewa kutoka mbali.

Mwenye hofu ya uvamizi au maharamia atahitaji amri ya kijeshi iliyo tayari. Anayekabili zaidi uvuvi haramu, magendo na vimbunga, polisi wenye boti nzima na mafuta ya kutosha watamfaa.