Uzoefu wangu: fundi aliyebandika sarafu kwenye mkono wa mashine yangu ya santuri

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa ni miezi kadhaa sasa tangu nichukue mashine yangu ya santuri kutoka karakana moja ya hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Niliipeleka kwa sababu mbili tu: ilikuwa inaunguruma kwenye spika, na nilikuwa nimenunua katriji mpya (kile kifaa kidogo mwishoni mwa mkono kinachobeba sindano ya kusoma sahani) iliyohitaji kufungwa na kurekebishwa na mtu mwenye vipimo. Fundi aliniomba nimwachie sahani moja ya kujaribia, nami nikamwachia ya bendi ya Morogoro Jazz, ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo kwenye katriji ya zamani ilikuwa inalia vizuri kabisa.

Siku ya kuichukua niliona utepe mweusi wa umeme umezungushwa kwenye kichwa cha mkono, pale katriji inapofungwa. Nikauliza ni wa nini. "Huo unatuliza mkono, mama, maana sindano ilikuwa inaruka," akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nyumbani, kabla sijaugusa utepe huo, niliteremsha sindano juu ya mizani ndogo ya dijitali, ya aina ile wanayotumia masonara, nayo ikasoma zaidi ya mara tatu ya gramu 2 ambazo katriji hii inataka. Tumbo la katriji lilikuwa limeshuka kiasi cha kukaribia kugusa mizani. Nikabandua utepe, na chini yake nikakuta sarafu ya shilingi 50. Nilipopima tena bila sarafu, uzito haukufika hata gramu 1.

Vipimo hivyo viwili vinaeleza kila alichokifanya. Nyuma ya mkono kuna uzani unaozunguka, na mbele ya uzani huo kuna pete yenye namba, ambayo inaweza kuzungushwa peke yake. Namba hizo hazina maana yoyote mpaka kwanza mkono usawazishwe: kidhibiti cha kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya sahani kinawekwa kwenye sifuri, kisha uzani unazungushwa taratibu mpaka mkono uelee sawasawa hewani, usipande wala usishuke. Hapo ndipo pete peke yake inapelekwa kwenye 0, na baada ya hapo uzani na pete vinazungushwa pamoja mpaka 2. Yeye alisoma 2 kwenye pete bila kusawazisha chochote, mkono ukawa mwepesi mno, sindano ikaruka, naye badala ya kurudi mwanzo akatoa sarafu mfukoni. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejali, tena bila kifaa cha ziada. Niseme pia, kwa kuwa wengi wanaamini kinyume chake, kwamba wepesi nao si usalama: sindano nyepesi mno hupoteza mguso na kugongagonga kuta za mfereji wa sahani, na huko nako ni kuharibu.

Sahani yangu ililipia yote mawili. Ukiinamisha kwenye mwanga utaona ukijivu hafifu katika mifereji ambayo zamani ilikuwa inang'aa, na ukiicheza, kila herufi "s" ya mwimbaji inachakaza masikio, marakasi zimegeuka kuwa mvumo tu, na gitaa la solo linakwaruza pale linapopanda juu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kushindilia santuri miaka ile. Nyimbo za bendi zetu zilishindiliwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeivumisha Morogoro Jazz, alifariki mwaka 1979. Nikaipate wapi nakala nyingine iliyo safi, na kwa bei gani?

Niliirudisha mashine pamoja na sahani, nikamweleza kwa utaratibu. Akacheka mbele ya wateja wengine. "Mama, hizi sahani zenyewe zimechoka. Siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu." Hakusema hata pole.

Nataka kumtendea haki. Muungurumo aliumaliza kabisa kwa kuunganisha upya waya wa ethi kwenye amplifaya, mkanda aliobadilisha unazungusha sahani bila kuyumba, na mashine ilirudi ikiwa imelazwa sawa kwa pimamaji. Bei yake haikuwa mbaya. Kwa kazi ya umeme ningempa alama zote, na nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri mumpelekee mambo ya waya na mkanda, kisha mkono mmalizie wenyewe nyumbani, kwa sababu inawezekana. Mimi nimeufanya mwenyewe. Nilichapisha karatasi ya kupimia yenye alama mbili, za milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya sahani, ambapo katriji inapaswa kunyooka na mistari, nikakuta katriji imekaa upande kwenye alama zote mbili, nikalegeza skrubu zake na kuisogeza mpaka ikanyooka na mistari. Sasa hata nyimbo za mwishoni mwa sahani, pale ambapo upotoshaji wa sauti huwa mbaya zaidi, zinasikika wazi.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba ushauri huo ni wa upole usiostahili. Mtu anayeficha sarafu chini ya utepe, kisha akamwambia mteja kwamba inatuliza mkono, anajua anachofanya. Kesho atakufichia nini ndani ya amplifaya, mahali ambapo huwezi kubandua ukaona? Msimpelekee hata waya. Pesa za kufunga katriji bado nazidai, na risiti ninayo.