Kisanduku cha kulishia ndege cha mbao za msindano: kinafaa, ila paa lake lina kasoro

Nilikinunua kisanduku hiki kwa shilingi 25,000 katika karakana moja ya useremala mjini Mafinga, na sasa kimesimama juu ya nguzo uani kwangu Uyole, Mbeya. Mbao za msindano zimepigwa randa vizuri, hazina vibanzi, na kingo za sinia zimeinuliwa kiasi cha kuzuia mtama usipeperushwe na upepo. Chiriku na shomoro hutua asubuhi na mapema wakamenya alizeti kwa midomo, maganda yakidondoka chini, ambako tetere huokota punje zilizoponyoka. Chozi hawaji, kwa kuwa wao hutegemea zaidi maji matamu ya maua. Anayewapenda, kama ninavyowapenda mimi, na apande mishubiri.

Kasoro kubwa ni paa, ambalo limewekwa tambarare bila mteremko wowote, hivyo mvua zetu za Novemba hadi Aprili hupenya kwenye maungio na kulowesha nafaka, nayo huota ukungu unaoweza kuwaua ndege. Mahindi na karanga huhitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya sumukuvu. Nimegongelea bati lenye mteremko, na tatizo limekwisha.

Kindi, ambaye meno yake hayaachi kukua, ameguguna pembe zote. Simlaumu, bali namtengea karanga kavu zisizo na chumvi. Ningekinunua tena, mradi fundi atengeneze sinia inayochomoka ili iweze kuoshwa kila wiki.