TAHADHARI: Anayeuza postikadi za "makumbusho" huku Ujerumani, msimtumie hela

Ndugu zangu mlioko Ujerumani, Austria na Uholanzi, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya Waswahili anauza postikadi za michoro ya dhahania (abstrakti, ile ya rangi na maumbo tu), ya kina Kandinsky, Malevich, Mondrian na Rothko, anasema ni mzigo wa duka la makumbusho uliobaki baada ya maonyesho. Msimtumie hata senti. Mimi kanilia euro 38, na hela sio inayoniuma zaidi, naomba msome mpaka mwisho.

Mimi naishi Munich, kazi yangu ni ya usiku, Jumapili nikipata nafasi naenda makumbusho ya Pinakothek der Moderne maana siku hiyo kiingilio ni euro 1, na nikiwa nazo naenda Lenbachhaus, makumbusho mengine ya hapa, kuona michoro ya Kandinsky. Nikitoka huwa nanunua kadi mbili tatu namtumia dada yangu Tanga, ni mwalimu wa shule ya msingi na anawafundisha watoto kuchora. Wale watoto hawajawahi kuingia makumbusho ya michoro, kwa hiyo kwao kadi ndo mchoro wenyewe, wanaishika, wanaigeuza, wanabishania rangi. Sasa huyu jamaa aliposema ana seti ya kadi 24 kwa euro 38, karatasi nzito, za makumbusho kabisa, nikajua dada atafurahi sana. Akaniambia nitume kwa PayPal ile ya marafiki na familia, "makato yasitumalize kaka mkubwa, sisi wote wa nyumbani". Nikatuma.

Bahasha ikafika Alhamisi, na jioni ileile kulikuwa na mama mmoja anasafiri kwenda Dar, nikampa vilevile ilivyofungwa nikawahi kazini. Sikuifungua.

Wiki mbili baadaye dada ananitumia voisi. Alikuwa amewapa darasa la sita kadi ya Malevich, Mraba Mweusi wa 1915, anawaeleza kwamba huyu bwana alichora mraba mweusi tu kwenye weupe na watu mpaka leo wanaujadili. Mtoto mmoja akatoa rula, akapima, akasema mwalimu mbona huu sio mraba. Na kweli sio! Mchoro halisi ni sentimita 79.5 kila upande, kadi ni 10 kwa 15, kwa hiyo anayejua kazi anaacha nafasi nyeupe pembeni ili mraba ubaki mraba, ila huyu kauvuta mpaka ukajaza kadi nzima. Nikamwomba dada anipigie picha ya karibu. Weusi wake ni mtupu kama mfuko wa plastiki, hamna ufa hata mmoja, wakati mchoro wenyewe rangi imepasukapasuka kila mahali na kadi nzuri inakuonyesha zile nyufa. Afu dada akaniambia mtoto mmoja mwenye jasho mikononi alishika kadi nyingine, akaiachia ikiwa na alama ya kidole na bluu imebaki kwenye dole gumba. Yani ni printa ya nyumbani.

Tukaanza kuzipitia moja moja kwenye simu mpaka usiku. Kandinsky, Kompozisheni VII ya 1913, mchoro wa mita 2 kwa 3, uwiano uleule wa kadi ya 10 kwa 15, hauna sababu ya kukatwa popote, lakini upande wa kushoto umeliwa kipande kizima. Nyuma kaandika "Lenbachhaus, Munich". Mchoro huo uko Moscow, makumbusho ya Tretyakov, walichonacho hapa Munich ni michoro ya maandalizi. Duka la makumbusho haliwezi kukosea nyumba ya mchoro kwenye kadi yake lenyewe. Na kuna mbili zimeandikwa Kandinsky ambazo sijaziona kokote na nimetafuta kweli, duara zimeyeyukiana, mistari inaanza vizuri afu inapotelea kwenye ukungu, mimi naamini ni picha za AI, zimetengenezwa na kompyuta. Hizo ndo zimenichoma moyo. Watoto walishazichora kwenye madaftari yao wakijua wanajifunza kwa Kandinsky.

Nilipomuuliza jamaa kanijibu "bro hiyo ni abstrakti, haina kukosea wala juu wala chini". Hapana jamani. Mwaka 2022 mtaalamu mmoja wa makumbusho kule Düsseldorf alisema mchoro wa Mondrian wa 1941, New York City I, ule wa tepu za rangi, umening'inizwa kichwa chini kwa miaka mingi, na habari ikazunguka dunia nzima. Ingekuwa juu na chini hakuna maana nani angeshtuka? Nikamwambia anirudishie hela, akaniblok. Skrinshoti zote ninazo.

Niseme haki pia, kuchapa Kandinsky au Mondrian sio kosa, wote walifariki 1944 na kwa nchi nyingi za Ulaya haki miliki zao ziliisha, tangu 2015 yeyote anaweza kuchapa. Angesema "nazichapa mwenyewe" ningeamua mwenyewe. Rothko ndo tofauti, amefariki 1970, haki zake bado zinaishi mpaka mwisho wa 2040, kadi yake ikichapwa Ujerumani kihalali angalia nyuma kwa maandishi madogo utakuta VG Bild-Kunst, ndo shirika linalosimamia haki za wasanii huku. Za huyu jamaa nyuma ni jina tu, hamna mwaka, hamna kipimo, hamna kama ni rangi ya mafuta au ya maji, hamna mchapaji.

Na sasa kuna kubwa zaidi. Kabadilisha jina na picha, ila namba ya simu ni ileile, anauza kadi "originali" za 1923 za Bauhaus, ile shule ya sanaa ya Ujerumani, kwa euro 150 moja. Kadi hizo zilikuwepo kweli, zilikuwa 20, kina Kandinsky, Klee na Feininger walizitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya Bauhaus kule Weimar, zilichapwa kwa litografia, yani uchapaji wa zamani wa kuchora kwenye jiwe. Lakini zimechapwa upya mara nyingi na nakala zipo tele. Chukueni lenzi ya kukuzia mwangalie rangi, mkiona vidoti vidogo vya rangi vimejipanga kama maua hiyo imechapwa kutoka kwenye picha, litografia ya 1923 haina vidoti hivyo. Mwambieni awapigie picha ya karibu hivyo. Mimi nilimwomba kwa namba nyingine, akaniambia simu yake kamera mbovu.

Aliyelipa kwa PayPal ya bidhaa na huduma afungue malalamiko mapema, una siku 180. Aliyelipa ya marafiki na familia kama mimi, PayPal hawakukingi, ila niandikie tuunganishe ushahidi, mimi polisi nimesharipoti.

Dada kazikusanya zile kadi zote. Jumamosi nimenunua nyingine 10 dukani, euro moja na senti kila moja, Malevich nilimpima kwa rula palepale kaunta kabla sijalipa. Zinaondoka na mtu wa Tanga wiki ijayo.