Baraza la usuluhishi wa ndoa la usharika: nendeni, ila mdai Fomu Na. 3

Nilimsindikiza mdogo wangu kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la usharika mmoja hapa Morogoro. Naandika kwa ajili ya kina mama wanaoogopa kwenda wakidhani kule ni kuhubiriwa tu.

Hiki si kikao cha kanisa peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu waziri kuteua kamati za jumuiya, za kanisani na msikitini zikiwemo, ziwe mabaraza rasmi. Mahakama nayo, ukiacha mazingira machache, haipokei ombi la talaka mpaka baraza lithibitishe, kwa hiyo Fomu Na. 3, kuwa usuluhishi umeshindikana. Wakili haruhusiwi kusimama pale, ndugu anaruhusiwa.

Shemeji alishikilia kwamba nyumba ni yake, kaijenga kwa mshahara wake. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akafungua kaunta buku akamgeukia mdogo wangu: "Mwanangu, mabati mlinunua kwa hela ya nani?" Ya kikoba. "Na mafundi walikuwa wanapikiwa na nani?" Akaandika yote. Akamweleza kuwa kugawa mali ni kazi ya mahakama, ila kitabu cha kikoba akitunze, maana tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishakubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Shemeji kimya. Mdogo wangu alikaa wima kwa mara ya kwanza siku ile.

Tatizo ni kwamba mama yule yuko peke yake kati ya wanaume. Mwenyekiti aliona kovu mkononi mwa mdogo wangu, bado akasema mwanamke ni kuvumilia, fomu tuisubiri, turudi tukaombe kwanza. Kuomba tunaomba, baba! Lakini aliyepigwa harudishwi kwa aliyempiga ili usharika usionekane umevunja ndoa. Wizara inayoteua mabaraza haya iyape mafunzo, na isikubali baraza lenye mwanamke mmoja. Maaskofu na masheikh nao wanaweza kuongeza wanawake hata kesho, hawahitaji kusubiri waraka.

Fomu tuliipata kwa sababu mama yule aligoma kufunga kikao bila kuiandika. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ukienda, beba cheti cha ndoa na PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) kama ulipigwa, uliza mapema kama kuna mwanamke barazani, na usiondoke bila kuambiwa fomu yako inatoka lini.