Bima ya gari Arusha: ipi inakusamehe ajali ya kwanza?

Ukienda kukata bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, wakala atakutajia bei ya mwaka huu. Wewe muulize ya mwakani: nikigonga mara moja kwa kosa langu, nitalipa ngapi? Kwa jibu hilo ndivyo nilivyozipanga aina tatu za bima.

Ya kwanza ni bima kubwa inayolinda punguzo la kutodai, yaani bei unayopunguziwa kwa kumaliza mwaka bila kudai malipo. Marekani wana kitu wanachokiita msamaha wa ajali: kampuni haikupandishii bei kwa ajali ya kwanza. Uingereza mtu huongeza hela kidogo ili punguzo lake lisiguswe. Faida yake iko kwenye hesabu. Tuseme gari ni la milioni 20 na bima ni asilimia 3.5, yaani 700,000 kabla ya VAT. Ukiwa na punguzo la asilimia 20, unalipa 560,000. Ukidai, punguzo linaweza kuondoka lote, na kulijenga tena ni miaka. Kama ulinzi huo unauzwa 30,000, na wewe kila jioni unapita Sakina au kila wiki unashuka Moshi katikati ya malori na bodaboda, mimi ningeuchukua bila kusita.

Ila uliza msamaha ni wa mara ngapi, na unaanza baada ya miaka mingapi bila kudai. Punguzo likilindwa, bei ya msingi bado inaweza kupanda. Ukihama kampuni, usitegemee msamaha ukufuate. Wakala akisema “tutaelewana tu”, mwombe akuonyeshe kipengele chenyewe kwenye mkataba.

Ya pili, bima kubwa ya kawaida. Inawatosha wengi, mradi usidaidai. Umepasua taa Kilombero, fundi anataka 150,000, na mkataba unasema 100,000 za mwanzo ni zako. Utalipwa 50,000 halafu mwakani upoteze punguzo la 140,000! Tengeneza kwa hela yako. Na kama kosa ni la mwenzako, dai kwenye bima yake, hata kama ana bima ndogo tu.

Bima ndogo naiweka mwisho. Ni laki moja na VAT yake kwa gari binafsi, inamlipa uliyemgonga, lako unajitengenezea. Kwa gari lililochoka, sawa.

Yoyote utakayochukua, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama stika inasoma, kabla hujatoka ofisini kwa wakala.